Orodha ya Mafaili Ibandikwe Ukutani

Kila matokeo ya koswek yanapobandikwa, kuna mtu anakuta kidashi mbele ya namba yake. Si sifuri. Sifuri ina heshima yake: sifuri inasema ulileta kitu, na kitu chenyewe kilikuwa hovyo. Kidashi kinasema hukuleta. Na wewe unajua ulileta. Ulimaliza kazi saa sita usiku, ukaiweka kwenye flashi, asubuhi ukampelekea CR kimbwetani mbele ya watu. Sasa safari inaanza. CR anasema alipeleka zote kama alivyozipokea. Msaidizi wa mhadhiri anasema alisahihisha zote alizopewa. Mhadhiri anasema yeye alijaza alama kutoka kwenye karatasi ya msaidizi. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, na kazi yako bado haipo.

Hoja yangu ni hii, naiweka wazi mapema ili asiyekubaliana nami aanze kunoa kisu: kazi yoyote ya softkopi inayokusanywa na CR isiondoke mikononi mwake kabla orodha ya mafaili yote yaliyomo kwenye folda haijabandikwa mahali ambapo darasa zima linaiona. Na orodha hiyo itolewe na kompyuta yenyewe. Isiandikwe kwa mkono, isikaririwe, isiwe "nimeziona zote, msijali". Kuitoa kunahitaji faili moja la maandishi lenye mistari sita. Halili bando, halinunuliwi, na halihitaji uwe mtu wa IT.

Nazungumzia kitu kidogo kwa makusudi. Tunaandika sana humu kuhusu ubora wa elimu na mitaala, na ni sawa. Lakini katika vyuo vingi hapa nchini koswek ina alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na kwenye hizo 40 kazi moja ya kuandika inaweza kubeba 10 au 15. Toa 15 kwa mtu aliyekuwa anatembea kwenye kamba, umempeleka sapu. Sapu ikigoma, anakeri somo au anadisko. Na mnufaika wa mkopo anayeendelea na masomo hulipwa baada ya chuo kuthibitisha kwamba amefaulu kuendelea. Kwa hiyo faili lililopotea wiki ya nane linaweza kuonekana tena mwaka unaofuata, likiwa limevaa sura ya bumu ambalo halijaingia. Mwaka wa pili kuna jamaa tuliyesoma naye alipoteza hivyohivyo alama za kazi nzima. Hakuna aliyemwonea. Hakukuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba faili lake lilifika, basi, na neno lake likawa neno lake.

Watu wengi wanadhani faili hupotea kwa sababu CR ni mzembe. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi kinachotokea ni mambo ya kawaida kabisa ambayo folda haituonyeshi.

Chukua majina. Darasa lina watu 180, na watu 40 kati yao wamehifadhi kazi kwa jina la Assignment 1. CR anahamisha mafaili kutoka flashi moja kwenda folda moja. Kompyuta inamuuliza: kuna faili lenye jina kama hili, nilibadilishe lililopo au niliache? Ni saa nne usiku, foleni ya flashi iko mlangoni, CR ana usingizi. Anabonyeza kubadilisha. Kazi ya mtu wa kwanza imefutwa wakati huohuo, haikwenda hata kwenye pipa la taka, na hakuna sauti iliyolia. Akibonyeza kuacha, kazi ya mtu wa pili haikuingia kabisa. Kwa vyovyote vile mtu mmoja ameshapata kidashi chake na bado hajui. WhatsApp nayo ina mchezo wake. Mafaili yakishushwa kwenye kompyuta yanageuka Assignment 1 (1), Assignment 1 (2), Assignment 1 (3), na hapo hayajafutana, ila hakuna anayejua lipi la nani mpaka afungue moja moja.

Halafu kuna namba za usajili. Vyuo vingi vyetu vina namba zenye slashi katikati, na Windows hairuhusu slashi kwenye jina la faili. Hairuhusu pia nukta pacha, kinyota, alama ya kuuliza na nyingine chache. Sasa mwalimu anasema "hifadhi kazi kwa namba yako ya usajili", na kila mmoja anabuni lake: huyu anaweka kistari, yule kistari cha chini, mwingine anaacha nafasi, mwingine anaunganisha namba zote zinakuwa kama namba ya simu. Mpangilio wa alfabeti unavurugika, na anayetafuta namba moja kati ya 180 anaipita kwa macho.

Kuna wale wanaoleta njia ya mkato. Hawa ni wengi kuliko mnavyodhani. Mtu anaburuta kile kialama kilicho kwenye uso wa kompyuta yake, chenye kimshale kidogo pembeni, anakiweka kwenye flashi na kuondoka kwa amani. Alichobeba ni anwani ya faili, faili lenyewe limebaki nyumbani. Ukiangalia kwenye dirisha la folda utaona jina zuri na picha ya Word. Jina kamili la kitu hicho linaishia na .lnk, na Windows huficha kiendelezi hicho hata ukiwa umeiamuru ionyeshe viendelezi vyote.

Na kuna virusi vya flashi. Aliyewahi kuchomeka flashi kwenye kompyuta za steshenari anavijua: folda zako zinageuka njia za mkato, na folda halisi zinafichwa kwa kuwekewa sifa mbili, ya kufichwa na ya mfumo. Mafaili yapo, nafasi yameshika, huyaoni tu. Nimeona mtu akiformati flashi yenye utafiti wake wa mwaka mzima kwa sababu alidhani iko tupu.

Yote haya yana kitu kimoja kinachofanana. Dirisha la folda tunalolizoea limetengenezwa lipendeze macho. Linaficha viendelezi, linaficha mafaili yenye sifa fulani, na linakuonyesha 30 kati ya 180 mpaka ushushe. Ukipiga picha ya skrini unayo sehemu tu ya ukweli. Orodha inayotolewa kwa amri haina aibu hiyo.

Amri yenyewe inaitwa dir. Ni ya zamani kuliko sisi sote tunaosoma gazeti hili: ilikuwepo kwenye CP/M ya Gary Kildall miaka ya 1970, ikaingia MS-DOS mwaka 1981, na leo ukifungua lile dirisha jeusi la Windows bado inajibu kwa jina lilelile. Ukitaka kuijaribu sasa hivi, fungua folda yoyote, bofya kwenye ule mstari wa juu unaoonyesha njia ya folda, futa kilichopo, andika cmd, bonyeza Enter. Kisha andika dir. Imekwisha.

Lakini CR hapaswi kukariri amri. Anapaswa kuwa na faili analobofya mara mbili. Mafaili ya namna hiyo huitwa bechi, na majina yake huishia na .bat. Hili ndilo ninalopendekeza:

@echo off
cd /d "%~dp0"
dir /s /b /a-d /o:n KAZI > orodha.txt
dir /s /a-d /o:n KAZI > ukubwa.txt
find /c /v "" < orodha.txt
pause

Tusiogope. Mstari wa kwanza unaiambia kompyuta isirudie kwa sauti kila amri inayoitekeleza. Wa pili ndio ninaoupenda kuliko yote: unasema "nenda kwenye folda ambayo mimi mwenyewe nimo". Flashi yako ikichomekwa kwenye kompyuta ya maabara inaitwa E, ya rafiki yako inaitwa G, ya steshenari inaitwa F. Ukiandika E kwenye skripti, kesho haifanyi kazi. Ile %~dp0 inamaanisha popote faili hili lilipo, basi ndipo pa kuanzia.

Mstari wa tatu ndio kazi yenyewe. KAZI ni folda iliyokaa kando ya skripti, yenye mafaili ya darasa. Herufi s inaiambia dir iingie mpaka kwenye folda ndogo, kwa sababu kuna watu wataleta kazi ndani ya folda yenye jina lao, na wewe ungehesabu folda ukidhani umehesabu faili, kumbe ndani ni tupu. Herufi b inaondoa mapambo, yanabaki majina. Ile a-d inasema: onyesha kila kitu kisicho folda, hata kilichofichwa. Hapo ndipo virusi vinapoumbuka. Na o:n inapanga kwa majina. Usiiache hiyo ya mwisho: kwenye diski ya ndani ya kompyuta huenda usione tofauti, ila kwenye flashi nyingi bila hiyo majina yatatoka kwa jinsi yalivyoandikwa kwenye flashi, nani alikuja kwanza nani alikuja baadaye.

Mshale unaoelekea kulia unachukua kilichokuwa kitokee kwenye skrini na kukimwaga ndani ya faili. Kuna mtego hapa ambao umesumbua watu wengi. Ukitoa orodha ukiwa ndani ya folda ileile unayoiorodhesha, faili la orodha linatengenezwa kwanza kabla dir haijaanza kuhesabu, kwa hiyo orodha inajiorodhesha yenyewe. Watu 180 wanakuwa 181, na CR anakesha kumtafuta mwanafunzi hewa. Ndiyo maana skripti inakaa nje ya KAZI.

Mstari wa nne unarudia orodha kwa mapambo yote, tarehe na ukubwa, na mwishoni unaandika jumla. Hiyo ni ya CR mwenyewe. Wa tano unahesabu mistari ya orodha na kukupa namba moja. Wa mwisho unazuia dirisha lisijifunge kabla hujaisoma.

Andika hayo kwenye Notepad. Wakati wa kuhifadhi chagua aina ya mafaili yote, jina liwe orodha.bat. Ukiacha aina ya maandishi, Notepad itakupachikia kiendelezi chake nyuma, itakuwa orodha.bat.txt, wewe utaona orodha.bat kwa sababu Windows imekuficha mkia, na utabofya mpaka kidole kiote sugu. Kama darasa lenu lina wenzetu kutoka Burundi au Kongo ambao majina yao yana alama za Kifaransa, ongeza chcp 65001 chini ya mstari wa kwanza, vinginevyo é itatoka kama mdudu. Kiswahili chetu hakina shida hiyo.

Ukishapata orodha lazima uisome, na hapa ndipo darasa zima linapoingia. Jina lako lipo? Lipo mara moja? Linaishia na nini? Likiishia na .lnk umeleta njia ya mkato, kimbia nyumbani ukalete faili. Likianza na ~$ hilo si la kwako, ni faili dogo la muda ambalo Word huliweka wakati kazi iko wazi, na linahesabika kwenye jumla, kwa hiyo CR alitoe. Kwenye ukurasa wa ukubwa, faili la baiti 0 ni ganda. Kazi ya kurasa kumi yenye baiti mia chache nayo haiwezekani, kuna kitu hakikunakiliwa mpaka mwisho, pengine flashi ilichomolewa mapema.

Na likiishia na .exe usilifungue, hata kama mbele yake pameandikwa pdf. Mkia uliofichwa si jambo la kuchekea. Mei 2000 mamilioni ya kompyuta duniani ziliambukizwa na barua pepe iliyobeba faili linaloitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows iliwaficha watu ile .vbs ya mwisho, wakaona barua ya mapenzi ya maandishi matupu, wakafungua. Picha zao zilifutwa na kuandikwa juu yake. Aliyeitengeneza, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kompyuta Manila, na pendekezo lake la tasnifu lilikuwa limekataliwa na chuo. Mashtaka yalifutwa kwa sababu Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kosa hilo, na miaka mingi baadaye alikuja kukiri mwenyewe. Lakini zingatia: kama watu wangeliona jina zima, kama dir inavyolionyesha, wengi wangesita.

Jambo moja orodha haiwezi kulifanya, na nawaomba tusiilazimishe. Tarehe ambayo dir inaonyesha kwa kawaida ni ya mara ya mwisho faili kubadilishwa. Siyo siku uliyolikabidhi. Ukinakili faili kwenda kwenye flashi, tarehe hiyo inabaki ya zamani. Na anayetaka kudanganya anarudisha saa ya kompyuta nyuma, anahifadhi upya, basi ameandika historia. Kwa hiyo CR asije akamkatalia mtu kwa kusema "faili lako lina tarehe ya baada ya mwisho wa muda", wala mtu asije na tarehe ya faili kama ushahidi kwamba aliwahi. Kinachothibitisha kuwahi ni orodha iliyobandikwa saa ile muda ulipoisha, yenye jina lako ndani yake.

Sasa wale wa visu. Wa kwanza: tuna mfumo wa mtandaoni, pandisha kazi huko, unapewa risiti. Naunga mkono kwa mikono miwili, na kozi zinazotumia mfumo huo vizuri hazinihusu leo. Lakini tuambizane ukweli. Ni kozi ngapi mwaka huu zimekusanya kazi kwa flashi, kwa barua pepe ya CR, au kwa "nitumieni WhatsApp nitaunganisha"? Mfumo unalala siku ya mwisho, mhadhiri anasema mpeni CR. Siku hiyohiyo ndiyo kazi hupotea.

Wa pili anasema hii ni lugha ya kale, tutumie Python, au PowerShell. Mimi mwenyewe naandika Python. Lakini kompyuta za maabara haziruhusu mwanafunzi kusakinisha kitu, na ile ya steshenari ina matangazo na Word tu. Dirisha jeusi lipo kwenye kila Windows utakayoikuta. Kwa kazi ya kuorodhesha majina, kuita lugha nzima ya programu ni kama kukodi basi kwenda dukani kwa Mangi. Wenye Linux wana ls, nawaheshimu, waendelee.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi: hilo ni faili la maandishi, CR anaweza kulifungua akaongeza jina la rafiki yake. Anaweza. Sijasema orodha haighushiki. Nguvu yake inatokana na kuwa wazi na kuwa mapema. Jina likiongezwa bila faili, jumla ya msaidizi wa mhadhiri haitalingana na jumla iliyoko ukutani, na hapo kuna swali lenye mtu wa kuulizwa. Jina likiondolewa, mwenye jina ataliona jioni ileile, wakati faili bado liko kwenye laptop yake, si miezi miwili baadaye wakati wa matokeo. Na asiyemwamini yeyote ana certutil, imo ndani ya Windows. Andika certutil -hashfile jina-la-faili SHA256, utapewa msururu wa herufi ambao ni kama alama ya kidole cha faili lako. Uandike kwenye daftari. Herufi moja ikibadilishwa ndani ya kazi, msururu unabadilika wote.

Kuna anayeuliza kuhusu faragha, na huyu nimemsikiliza. Orodha yenye majina kamili na namba za usajili ikizunguka kwenye magrupu si jambo jema. Basi faili liwe na namba ya usajili tu, slashi zote zigeuzwe vistari, nafasi zisiwepo, na kozi ifuate mwishoni. Hapo pia tumeua tatizo la Assignment 1 kwa jiwe lilelile, maana namba haifanani na ya mtu mwingine. CR atangaze mfano mmoja na akatae faili lolote lisilofuata mfano huo, palepale, mwenye faili akiwa amesimama. Mtakasirika wiki ya kwanza.

Na wale wasio na laptop? Hawa ndio hasa wanaoumia, kwa sababu kazi yao imechapwa steshenari, ikahifadhiwa kwenye flashi ya kuazima, na ikipotea hawana nakala. Orodha ya watu 180 haifiki hata kilobaiti kumi. Inabandikwa kwenye grupu kama ujumbe wa maandishi, inasomeka kwenye simu ndogo yoyote, na unaweza kutafuta namba yako ndani yake bila kushusha chochote. Linganisha na picha sita za skrini zisizosomeka ambazo CR wetu wengi hututumia sasa.

Kwa CR mwenyewe hii si mzigo, ni kinga. CR hapati posho, hapati alama, anapata lawama tu. Siku mtu atakapomjia na kidashi chake akifoka, CR mwenye orodha atafungua ukurasa, ataonyesha namba ikiwepo au isipokuwepo, na mazungumzo yatahamia ofisi inayohusika. CR asiye na orodha atabaki kuapa. Binafsi nashangaa kwamba madarasa ndiyo yanayodai orodha na si ma-CR.

Kwa Wizara ya Taaluma ya serikali yetu ya wanafunzi nina ombi la vitu viwili. Semina ya ma-CR mwanzoni mwa semesta ipo kila mwaka, na kila mwaka inajaa hotuba. Toeni dakika 20, mumpe kila CR faili la orodha.bat kwenye flashi yake, aliendeshe pale ukumbini mbele ya wenzake kwenye folda ya majaribio yenye vitimbi vyote nilivyotaja: majina yanayofanana, njia ya mkato, faili tupu, folda iliyofichwa. Atakayepata jumla isiyolingana arudie. Pili, muongee na wakuu wa idara wakubali kwamba msaidizi wa mhadhiri, akipokea folda, ataendesha skripti ileile na kusaini jumla aliyoipata kwenye karatasi ya CR. Namba mbili, sahihi mbili. Hatuombi bajeti.

Na aliyekwisha kupatwa na virusi vya njia za mkato, kabla hujaformati chochote, fungua dirisha jeusi uandike dir /a pamoja na herufi ya flashi yako, mfano dir /a E:\ na utaona folda zako zikiwa zimekaa palepale. Kisha attrib -h -s /s /d E:\*.* zitarudi kuonekana. Zile njia za mkato zilizobaki zifute bila kuzibofya, halafu safisha flashi kwa kinga ya virusi kabla hujaipeleka kwenye kompyuta nyingine, hasa ya CR.

Darasa letu linakusanya kazi ya pili ya semesta hii Ijumaa ya wiki ya 12, saa 10 jioni. CR wetu amekubali kujaribu. Orodha itakuwa kwenye ubao wa matangazo wa idara kabla ya saa 11, na mlango wa kurekebisha utabaki wazi mpaka saa 2 usiku kwa atakayekuta namba yake haipo.